Mama, Dayati ni Yako: Mtoto Mwachie Maziwa Yenye Mafuta Yake

SEHEMU YA 1

Mama zangu. Wa Kyela mjini, Ipinda, Matema, Ngonga, Kajunjumele, na ninyi mlioolewa mkaenda mbali ila bado mnanisoma usiku mtoto akishalala.

Wiki hii siongelei malaria wala chanjo. Naongelea maziwa. Na nitaongea kwa ukali kidogo, mnivumilie, maana Jumanne nilimpima mtoto mmoja nikatoka pale kwenye mzani nimekasirika. Sikumkasirikia yeye, wala mama yake. Nitawaambia niliyemkasirikia.

Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne. Msichana, mchangamfu, amesukwa vizuri, amevalishwa na soksi kwa joto hili letu. Mama yake anampenda, hilo halina ubishi. (Nimebadilisha mambo madogo madogo asitambulike, na yeye mwenyewe amenikubalia niandike.) Nikafungua kadi ya kliniki. Miezi miwili nyuma kilo 8.4. Mwezi uliofuata 8.4. Juzi 8.3. Mstari haupandi, umelala kama mtumbwi uliovutwa mchangani. Homa hana. Kuharisha hamna. Malaria tumepima, hamna.

Nikamuuliza mama, anakula nini huyu nyumbani? Akanijibu kwa fahari kabisa: "Dada nesi, sisi nyumba nzima tuko kwenye dayati. Sukari hatugusi. Na maziwa natoa mafuta yote, yakichemka naengua utando wote, halafu ya mtoto naongeza maji kidogo yawe mepesi."

Maziwa ya ziwa (ya mama) aliachishwa alipotimiza mwaka. Uji wake hauna karanga, kwa sababu karanga zina mafuta. Mboga yake haina mawese. Mawese, Kyela! Mtoto amezaliwa katikati ya michikichi na hapati tone la mawese.

Sasa kabla hujamcheka mama huyu, sikiliza. Wakati ana mimba ya huyu mtoto aligundulika na kisukari cha mimba. Bibi mzaa mama yake alikatwa mguu kwa ajili ya sukari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsafisha lile donda. Kwa hiyo hofu yake si ya kuiga mtandaoni, ni hofu aliyoishika kwa mikono yake. Na ni kweli, mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari kubwa zaidi ya kuja kupata kisukari cha kudumu huko mbele. Kuacha sukari ya kuongeza kwenye chai na uji ni uamuzi mzuri, namsifu kwa hilo.

Aliyenikasirisha ni yule aliyemuuzia hofu hiyo kwa shilingi elfu kumi. Kuna kundi la WhatsApp, "siku 21 bila sukari". Unalipa, unatumiwa karatasi. Na kwenye karatasi hiyo imeandikwa kwamba familia yote itumie maziwa ya "low fat" pekee, kwa sababu eti mafuta ya maziwa yanageuka sukari mwilini. Nimeisoma mwenyewe, mama alinionyesha kwenye simu. Kuna na picha ya mzungu anacheka na saladi.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

SEHEMU YA 2

Tuanze na kikombe chenyewe, maana watu wanabishana juu ya maziwa bila kujua ndani kuna nini.

Chukua glasi ya maziwa kamili ya ng'ombe, yale yaliyobaki na mafuta yake, mililita 250. Ndani kuna mafuta kama gramu 8, protini kama gramu 8, na sukari ya asili ya maziwa, inaitwa laktosi, kama gramu 12. Chukua glasi nyingine ya hayo yaliyotolewa mafuta kabisa kiwandani. Mafuta karibu hamna. Protini ileile gramu 8. Laktosi? Ileile gramu 12.

Rudia kusoma hapo. ILEILE. Kutoa mafuta hakutoi sukari hata chembe. Kama unakimbia sukari, glasi hizi mbili ni sawasawa. Kinachotofautiana ni mafuta na nguvu: hiyo kamili inakupa kama kalori 150, hiyo nyingine kama 85.

Na hiyo laktosi yenyewe usiiogope. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015 lilipotoa mwongozo wake wa sukari, lilisema tupunguze sukari huru iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko 6 vya chai. Lakini sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa haimo kwenye hesabu hiyo. Inayohesabiwa ni ile tunayoongeza sisi au kiwanda, pamoja na asali na juisi. Ndiyo, na asali. Wale wa "mimi natumia asali tu", asali ni sukari iliyopitia kwa nyuki. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja haipewi kabisa, ni hatari kwake.

Tena nikuambie kitu ambacho karatasi ya elfu kumi haikuandika. Maziwa yako wewe mama, ya titi, yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe: kama gramu 7 kwenye kila mililita 100, wakati ng'ombe anazo karibu 5. Na karibu nusu ya nguvu iliyomo kwenye maziwa ya mama inatoka kwenye mafuta. Yaani chakula cha kwanza ambacho Mungu amemwekea binadamu kina utamu wake na kina mafuta yake. Hakuna titi la "low fat".

Ukimkamulia mtoto maziwa ya ng'ombe ukaengua utando (malai, wanavyoita watu wa Pwani), umepunguza nguvu. Umepunguza na vitamini A, kwa sababu vitamini A hukaa kwenye mafuta. Ukaongeza na maji juu yake, hapo umepunguza kila kitu, protini, kalsiamu, vyote. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake mara mbili. Likijazwa maji meupe halina nafasi ya chakula. Ameshiba, ana njaa.

Ushauri unaotumika kwingi duniani, hata huko Marekani kwenye karatasi ilikotoka, ni kwamba mtoto kati ya mwaka mmoja na miaka miwili akinywa maziwa ya ng'ombe, anywe yenye mafuta yake. Ubongo unajengwa miaka hii. Hata wenye kuhubiri maziwa yaliyopunguzwa mafuta huwa wanaanzia baada ya miaka miwili. Sasa aliyeuza karatasi kwa "familia yote" aliisoma wapi?

Tanzania, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Jirani zetu wa Iringa na Njombe, kwenye viazi, maharage na maziwa, huko ni nusu na zaidi. Hatuna watoto wa kuwafanyia majaribio ya dayati jamani.

SEHEMU YA 3

Hapa naungama.

Miaka ya mwanzo ya kazi, nimetoka tu chuo na diploma yangu, bado naipiga pasi gauni la kazi kila siku, alikuja mama mmoja mtu mzima kliniki ya kisukari. Sukari yake ilikuwa juu. Nikamwambia nilivyokariri: "Mama, acha sukari, acha vyakula vya mafuta, maziwa tumia yasiyo na mafuta." Basi. Dakika mbili, anayefuata.

Mwezi uliofuata alirudi. Sukari imepanda zaidi. Nikamuuliza kwa sauti ile ya manesi, mnaijua, ya "mama hukufuata masharti". Akafungua pochi akatoa kikopo cha yogati. Yogati ya vanila. Imeandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba ina mafuta kidogo. "Nimeacha maziwa ya Tukuyu, mwanangu. Nakula hizi, asubuhi moja na jioni moja, kama ulivyosema."

Nikageuza kikopo nyuma nikasoma. Kwenye kila gramu 100, sukari gramu 13. Kikopo kina gramu 150.

Tupige hesabu pamoja, chukua kalamu, maana hesabu hii utaitumia maisha yako yote. Gramu 13 mara moja na nusu ni gramu 19 na nusu. Toa sukari ya asili ya maziwa, kadiria gramu 5 kwa kila 100, hapo ni 7 na nusu. Zinabaki 12. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Kwa hiyo kile kikopo kilikuwa na vijiko VITATU vya sukari ya kuongezwa. Viwili kwa siku, vijiko sita. Mama wa watu aliacha chai ya sukari akawa anakula sukari ya kiwandani kwa kijiko cha plastiki, kwa agizo langu, kwa hela yake ya kuuza kakao.

Na inatokeaje? Mafuta ndiyo yanayoyapa maziwa ule uzito na ladha mdomoni. Ukiyatoa, yogati inakuwa nyepesi, chachu, haina raha. Kiwanda kinataka uinunue tena kesho. Basi mara nyingi wanaongeza wanga wa kuikaza, na sukari, na ladha ya stroberi ambayo stroberi yenyewe wengine hapa Kyela hatujawahi kuiona shambani. Halafu mbele wanaandika kilichotolewa. Kilichoingizwa kiko nyuma, kwa maandishi ya chungu.

Sisemi kila yogati iliyopunguzwa mafuta ina sukari. Zipo za "plain", zisizo na ladha wala sukari ya kuongeza, na zina mafuta kidogo. Hizo hazina kosa. Na sisemi kila yenye mafuta kamili ni salama, kwa sababu zipo za mafuta kamili zenye ladha ya embe na sukari ileile ya vijiko vitatu. Ndiyo maana nasema ugomvi wa mafuta ni ugomvi wa kupotezwa. Wewe unayekimbia sukari, swali lako la kwanza dukani si "ina mafuta au haina". Ni "wameongeza nini humu?"

Geuza kikopo. Usiponunua, hujakosea adabu. Mwenye duka atakuzoea.

Yule mama tuliongea upya, safari hii nusu saa, foleni ikanung'unika. Alirudi kwenye maziwa yake ya Tukuyu, kikombe kimoja asubuhi, mtindi usio na sukari jioni. Na ndipo tulipogundua mlima wenyewe ulikuwa wapi, nitaueleza.

SEHEMU YA 4

Mlima ni ubwabwa.

Najua nitachukiwa. Mchele wa Kyela ni jina letu nchi nzima, mpaka Dar mchele wa sehemu nyingine unauzwa kwa jina letu. Mimi mwenyewe naupenda, harufu yake ikitoka jikoni nasahau diploma. Lakini tuseme ukweli.

Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga kama gramu 45, na wanga wa wali unageuka sukari kwenye damu, tena haraka. Sahani yetu ya mchana ina vikombe vingapi? Viwili kwa mtu mwenye aibu. Vitatu nyumbani kwake. Hapo ni gramu 90 mpaka 135. Sasa weka pembeni glasi yako ya maziwa yenye gramu 12. Mtu anaengua utando kwenye glasi, halafu anakaa mbele ya mlima wa ubwabwa na soda ya kuusukumia, anaamini yuko kwenye dayati isiyo na sukari!

Na asubuhi, chai ya maziwa "bila mafuta", na vitumbua vinne. Vitumbua ni mchele, ni sukari, vimekaangwa. Utando wa maziwa una kosa gani hapo?

Mafuta kwenye maziwa yana kazi nyingine ambayo mgonjwa wa kisukari aijue: yanachelewesha chakula kutoka tumboni, sukari inaingia kwenye damu polepole zaidi, na unakaa umeshiba muda mrefu. Mama anayekunywa kikombe cha mtindi mzito saa nne hana haja ya andazi saa tano. Aliyekunywa maji meupe saa nne, saa tano anamwita muuza maandazi kwa jina.

Nimeulizwa inbox na dada mmoja: "Nesi, kwani mafuta ya maziwa hayazibi mishipa?" Swali zuri, na sitalikwepa, maana upande wa pili nao kuna wachuuzi. Wapo wanaowaambia watu kunywa krimu na kula siagi kikombe kizima, eti mafuta hayana neno lolote. Hao nao sitembei nao.

Mafuta ya maziwa mengi yake ni yale mazito, yanayoganda. Mafuta ya aina hiyo yakizidi yanapandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, kwa watu wazima na kwa watoto kuanzia miaka miwili. Angalia tena, kuanzia MIAKA MIWILI. Kwa mtu mzima wa kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Glasi moja ya maziwa kamili ina karibu gramu 5. Glasi mbili, 10. Bado una nafasi. Lakini mawese yetu nayo yamo kwenye hesabu hiyohiyo: kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 7. Ukinywa maziwa kamili lita nzima, ukamimina mawese kwenye mbalaga mpaka ndizi zinaogelea, ukala na nyama ya mafuta, hapo umevuka na utajibu mwenyewe.

Kwa hiyo mtu aliyeambiwa na daktari kwamba kolesteroli yake iko juu, au ana ugonjwa wa moyo, akaambiwa apunguze mafuta ya wanyama, AFUATE. Anywe yaliyopunguzwa mafuta, yasiyoongezwa kitu. Mtu mzima anayepunguza uzito na anaona kalori 65 za tofauti zitamsaidia, sawa pia, ni chaguo lake. Nisije nikasikia mtu Ipinda amesema nesi kakataza.

Ila kusema kwamba maziwa yenye mafuta yake ni sumu kwa kila mtu, hapana. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa kwenye jarida la The Lancet, unaitwa PURE, watu zaidi ya 136,000 kwenye nchi 21, na Tanzania ni mojawapo. Waliwafuata kwa miaka kama 9. Waliokuwa wakitumia maziwa na mazao yake zaidi ya mara mbili kwa siku walikuwa na vifo vichache na maradhi machache ya moyo na kiharusi kuliko wasiotumia kabisa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowaokoa, huenda wanywaji maziwa wana na mambo mengine mazuri kwenye maisha yao. Lakini kama utando ungekuwa muuaji anavyotangazwa, angeonekana kwenye watu wote hao.

Na mkumbuke ushauri wa kupunguza mafuta ulianzia kwa nani. Marekani, miaka ya 1970 kuelekea 1980, nchi iliyokuwa inakula nyama, siagi na maziwa kila siku na watu wazima wanaanguka kwa moyo. Sisi Bodi ya Maziwa yetu inasema kwa miaka mingi kwamba Mtanzania hafikishi hata lita 70 kwa mwaka, wakati lengo linalotajwa ni 200. Lita 70 kwa mwaka haifiki glasi moja kwa siku. Unampunguzia mafuta mtu ambaye hata glasi yenyewe haijajaa.

SEHEMU YA 5

Mambo ya jikoni, haraka haraka, kwa sababu nyumbani kwangu nako kuna mtoto ananivuta gauni.

Maziwa yanayoshuka na bodaboda kutoka Rungwe ni mazuri. CHEMSHA. Yapande yachemke kweli, siyo kupashwa moto. Maziwa mabichi yanaambukiza brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na brusela kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Wanaosema kuchemsha kunaua nguvu za maziwa waje wodini kwetu tuwaonyeshe homa isiyoisha.

Kuengua utando nyumbani hakutoi mafuta yote. Kiwandani wanazungusha maziwa kwa mashine kwa kasi mpaka mafuta yanajitenga. Wewe na kijiko chako unatoa sehemu tu, ile nzuri. Kwa hiyo kama daktari amekwambia upunguze kweli, utando peke yake hautoshi, punguza kipimo au nunua yaliyopunguzwa. Na huo utando ukiutoa kwako, usiumwage. Weka kwenye uji wa mtoto.

Kuna na "low fat" yetu ya asili hapa Kyela, ile ambayo muuzaji ameichanganya na maji ya mto njiani. Hiyo haina cheti, na hayo maji hujui yametoka wapi. Ukiona maziwa yanatoka na rangi ya samawati, yakichemka hayashiki utando hata kidogo, badilisha muuzaji.

Mtindi tengeneza mwenyewe. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka ukichovya kidole unahisi uvuguvugu tu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika, weka mahali penye joto, usiguse mpaka kesho. Kwa joto la huku kwetu unaganda bila shida. Mtindi una laktosi kidogo kuliko maziwa, kwa sababu wale bakteria wameshakula sehemu yake wakaifanya uchachu. Ukiona mchachu sana ponda ndizi mbivu ndani yake, mtoto atakunywa. Kwa mwenye kisukari ndizi nusu inatosha, tusidanganyane.

Hiyo ya kupaka kwenye mkate, Blue Band na wenzake, tunaiita siagi lakini siyo maziwa, imetengenezwa na mafuta ya mimea. Usiihesabu kwamba umempa mtoto maziwa.

Vidonge vya utamu vya kuweka kwenye chai: Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri visitumike kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu walio tayari na kisukari, hao waongee na daktari wao. Mtoto hana sababu yoyote ya kupewa.

Na mtoto wa chini ya miezi sita, habari hizi zote hazimhusu. Titi, basi. Kati ya miezi sita na mwaka, titi liendelee na chakula cha kulikiza, na kama hunyonyeshi kwa sababu yoyote ile, njoo kliniki tuongee uso kwa uso kabla hujaanza la kwako. Kunyonyesha kunaenda mpaka miaka miwili na zaidi. Aliyekuambia baada ya mwaka maziwa yako yamekuwa maji, muulize amepima wapi.

SEHEMU YA 6

Mnauliza mtoto anaendeleaje.

Siku ile tulikaa na mama yake kwenye benchi. Sikumgombeza. Nilimwambia dayati yake ya kuacha sukari aiendeleze, ni nzuri, na akapime sukari yake kila mwaka hata kama anajisikia mzima. Nikamwambia hata mtoto kutopewa soda na biskuti na chai ya sukari ni jambo zuri mno, asirudi nyuma hapo. Kilichobadilika ni hiki: maziwa ya mtoto kamili, hayaongezwi maji, vikombe viwili vidogo kwa siku. Uji na karanga za kusaga. Mboga na kijiko cha mawese, ule wekundu wake ni chanzo cha vitamini A. Usipa wa kusaga kwenye kande. Parachichi likiwepo.

Akaniuliza, akiwa anaangalia chini: "Kwa hiyo mimi ndiye nimemkondesha?" Nikamwambia ulikuwa unamkimbiza na ugonjwa wa bibi yako, ila ulikimbilia njia uliyoelekezwa na mtu asiyeijua. Akalia kidogo. Nikamshikia mtoto.

Mume wake alinipigia jioni. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kumbe alitaka kujua yeye kama baba, mwenye presha na tumbo, anywe yapi. Nikamwambia aje apimwe kolesteroli kwanza, halafu tutajua. Mpaka hapo, nusu ya ubwabwa arudishe kwenye sufuria. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata.

Leo wamerudi kwenye mzani, wiki nne kamili. Kilo 8.7. Ni gramu 400 tangu siku ile. Mstari umeinuka. Bado tunamtazama, atarudi mwezi ujao na ujao wake.

Mwenye hiyo karatasi ya siku 21 ameniandikia inbox kwamba namharibia biashara. Nimemjibu aongeze mstari mmoja tu juu ya karatasi yake, kwamba haihusu watoto wa chini ya miaka miwili wala wajawazito. Amesoma, tiki mbili za buluu, hajajibu.

Alhamisi niko zamu ya asubuhi. Njooni na vikopo na pakiti mlizonazo nyumbani, vilivyokwisha, viosheni, tutasoma pamoja nyuma yake. Aje na miwani asiyeona maandishi madogo, hata mimi nimeanza kuyatafuta kwa mbali.